Kipya Kinyemi: Juu ya Gari Jipya na Ahadi ya Fundi

Wahenga walisema, Kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii aghalabu hutamkwa kwa kicheko: juu ya mtoto aliyevaa nguo ya sikukuu, juu ya bwana harusi asiyetaka kutoka nyumbani, juu ya mtu aliyepewa cheo jana. Lakini mwenye kuitazama kwa makini ataona kuwa ndani yake mna maneno mawili yasiyopatana. Kinyemi ni kitu cha kupendeza, kitu kiletacho furaha moyoni. Kidonda ni maumivu. Waliotunga methali hii hawakukusudia kusema kuwa kila kipya ni kibaya. Walitaka kutuonya kwamba upya ni pazia, na nyuma ya pazia hilo huweza kukaa jambo lisilofanana hata kidogo na yale tuyaonayo mbele.

Nataka kuichambua methali hiyo kwa mfano wa gari. Mfano huu nimeuchagua kwa kuwa gari, baada ya nyumba na shamba, ndicho kitu cha thamani kubwa ambacho mtumishi au mfanyabiashara wa kawaida huweza kukinunua katika umri wake. Tena ni kitu ambacho mnunuzi hakijui undani wake: huiona rangi, huketi kitini, huwasha taa na kupiga honi, lakini hawezi kuingia ndani ya giaboksi akatazama meno yake. Tena ni kitu kibebacho roho za watu, za waliomo ndani na za wapitao njiani. Basi swali langu ni hili: mtu aliyenunua gari jipya akalikuta bovu amepatwa na nini hasa? Je, amepata hasara tu, kama mkulima aliyenyimwa mvua? Au amedhulumiwa? Na ikiwa amedhulumiwa, ni nani aliyemdhulumu, na yeye mwenyewe yampasa kutenda nini?

Kwanza tulitazame neno lenyewe, jipya. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki watu wengi husema "nimenunua gari jipya" hali gari hilo limekwisha kutembea miaka mingi katika miji ya Japani. Sababu zake zajulikana. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani wao uko mahali panapotufaa. Tena sheria yao hulitaka gari jipya likaguliwe baada ya miaka 3, na baadaye kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huo huwafanya wengi waone heri kuliuza la zamani na kununua jingine. Gari hilo huoshwa, hupakiwa melini, hushushwa Dar es Salaam au Mombasa, na hapo huanza maisha yake ya pili. Kuliita jipya si uongo, maadamu muuzaji na mnunuzi wote wawili wajua kuwa upya huo ni wa mwenye gari na wala si wa chuma. Uongo huanza pale mita ya mwendo inaporudishwa nyuma ili kilomita laki mbili zisomeke elfu sitini, au pale kutu inapofunikwa kwa rangi ya jana. Kwa hiyo tangu mwanzo twaona kuwa lawama haitoki katika umri wa kitu. Hutoka katika umbali uliopo kati ya kitu chenyewe na maneno yaliyosemwa juu yake.

Hayo nayasema kwa kuwa nimeyaonja. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gari ambalo halikuwa limepita barabara yoyote, karatasi za nailoni zingali vitini. Muuzaji, ambaye sina haja ya kumtaja, aliniahidi kuwa lilitengenezwa kwa ajili ya njia za kwetu. Mwezi wa kwanza haujaisha, mlango wa nyuma ulianza kuingiza vumbi. Masika yalipoingia, maji yalitiririka juu ya miguu ya abiria. Ulipofika mwezi wa tatu gia ya pili ilikuwa ikilia kama bawaba kavu, na fundi wa mtaani alipoinua zulia alinionyesha mahali ambapo rangi haikupakwa kabisa na kutu ilikuwa imekwisha kuanza kula. Niliporudi kwa muuzaji, kijana aliyenipokea alinisikiliza kwa adabu, akanikaribisha chai, kisha akasema, "Mzee wangu, hayo ni mambo ya kawaida. Gari ni gari tu." Maneno hayo machache yalinikaa kichwani kuliko kelele za gia.

Je, ni kweli kwamba gari ni gari tu? Ili kulijibu neno hilo hatuna budi kuyapambanua maumivu ya mnunuzi, maana yana sehemu tatu, na mtu mwenye hasira huzichanganya zote.

Sehemu ya kwanza ni hasara ya mali. Fedha zilizotolewa ni nyingi, na kitu kilichopatikana ni kidogo. Sehemu ya pili ni fedheha. Majirani waliliona gari likiingia, watoto walilikimbilia, wakwe walipelekewa habari; sasa linasukumwa alfajiri huku watu wakichungulia madirishani. Sehemu ya tatu ni kuvunjwa kwa imani. Mtu alimwamini mtu mwenzake katika jambo asiloweza kulichunguza mwenyewe, na imani ile ikatumiwa dhidi yake.

Sehemu ya fedheha yatupasa tuiweke upande. Anayenunua gari ili aonekane mkubwa ameliomba gari kazi ambayo hakuna fundi aliyepata kuahidi kuifanya. Gari huchukua mtu kutoka Morogoro hadi Dodoma. Haliwezi kumchukua kutoka katika udogo wa nafsi hadi katika ukubwa. Aliyevunjika moyo kwa sababu hiyo hana wa kumlaumu, na dawa yake iko ndani yake.

Zabaki hasara na imani. Tuzipime kwa mifano miwili. Tuseme mtu ameegesha gari lake jipya chini ya mwembe, tawi likakatika na kulibonyeza paa. Hasara ameipata, pengine kubwa kuliko ya giaboksi mbovu. Atasikitika, lakini hatasema amedhulumiwa, kwani mwembe haukumwahidi kitu. Sasa tuseme muuzaji wangu angaliniambia siku ile ya kwanza, "Mlango huu wa nyuma haufungi vema, gia ya pili ina walakini, na chini hapakupakwa rangi, kwa hiyo nakupunguzia bei." Gari lingekuwa lile lile, vumbi lile lile, kelele zile zile. Hata hivyo, nisingekuwa na neno la kumlalamikia, maana ningenunua kwa macho yangu mawili. Basi, ndugu msomaji, twaona jambo la ajabu: chuma hakikubadilika hata kidogo katika mifano yetu, lakini dhuluma imekuja na kuondoka. Kwa hiyo makao ya dhuluma si chuma. Dhuluma hukaa katika neno, ama lililosemwa kwa uongo ama lililofichwa.

Wako watakaonipinga. Watasema, Mchagua jembe si mkulima. Watasema kuwa sisi ni nchi changa, watu wetu hawana uwezo wa kununua vitu bora, na mwenye kudai ubora wa hali ya juu anawanyima maskini kile kidogo wanachokiweza. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Bati jembamba lililouzwa kama bati jembamba, kwa bei ya bati jembamba, ni biashara halali, nalo limewasitiri wengi wasinyeshewe. Kiatu cha tairi hakikujifanya kiatu cha ngozi, na kwa hiyo hakikumdanganya yeyote. Unyonge wa kitu si aibu. Lakini hoja hiyo inatetea kitu rahisi kilichouzwa kwa ukweli. Haitetei kitu kibovu kilichouzwa kwa uongo, na tena uongo huo humwumiza zaidi maskini. Tajiri aliyeuziwa gari bovu atanunua jingine. Mwalimu aliyekopa kwenye chama cha ushirika atalipa deni la gari lisilotembea kwa miaka mitano, na kila mwezi mshahara wake utakapokatwa atauziwa uongo ule ule mara nyingine.

Walakini ukweli wa muuzaji nao una mpaka wake. Je, yafaa mtu kuuza gari ambalo breki zake hazishiki, maadamu amesema wazi kuwa hazishiki? Hapa twaona kuwa mapatano ya watu wawili hayatoshi, kwa kuwa barabarani yuko mtu wa tatu. Mtoto avukaye barabara kwenda shuleni hakuhudhuria mapatano yale. Hakupunguziwa bei. Hakuulizwa kama anaridhika kupitiwa na gari la namna hiyo. Kwa hiyo ziko sehemu za gari, kama breki, usukani na matairi, ambazo ahadi yake haiandikwi katika hati ya kuuziana wala haiwezi kufutwa kwa hati hiyo, maana ni ahadi kwa umma wote. Kwa sababu hiyo Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, halikupewa kazi ya kuwatetea wanunuzi peke yao. Kiwango kikishawekwa humlinda hata mtu ambaye hatanunua gari maishani mwake.

Wazo la kwamba fundi anawajibika kwa kazi yake ni la kale sana. Mfalme Hammurabi wa Babeli, aliyetawala karibu miaka 3,800 iliyopita, aliziacha sheria zake zimechongwa juu ya jiwe ambalo leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris. Sheria mojawapo yamhusu mwunda vyombo: akiunda chombo bila kukiziba vema, na chombo hicho kikaharibika katika mwaka ule ule, sharti akibomoe na kukiunda imara kwa mali yake mwenyewe. Hiyo ni dhamana ya mwaka mmoja, na ilitolewa kabla gari la injini halijaota hata katika ndoto za mtu. Katika mafundisho ya Kiislamu imo habari mashuhuri ya Mtume aliyetia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini mbichi na juu kavu, akamkemea muuzaji kwa kuuficha ubichi. Kitabu cha Mithali nacho kinaikataa mizani ya hadaa. Hata sheria ya mauzo ya bidhaa tuliyoirithi kwa Waingereza, ambayo chimbuko lake ni sheria yao ya mwaka 1893, inakubali kuwa mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na akautegemea ujuzi wake, basi bidhaa hiyo sharti iifae kazi ile. Yaani imani ya asiyejua kwa yule ajuaye ni kitu chenye uzito mbele ya hakimu.

Katika pwani yetu imani hiyo ilikuwa na namna yake. Fundi wa jahazi wa Lamu au wa Unguja alilaza mkuku, akasimamisha mataruma, akapigilia mbao, kisha akaingia katika kazi ya kalafati, yaani kuziba kila upenyo kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Chombo kikishakamilika hupakwa shahamu chini, na pamba ile hufichika. Abiria hawezi kuiona. Nahodha hawezi kuiona mpaka afike kwenye mkondo wa bahari. Lakini fundi alijua kuwa watakaosafiri ndani ya jahazi lile ni shemeji yake, jirani yake, na mtoto wa mwalimu aliyemfundisha mwanawe. Jahazi likizama angekutana na wafiwa msikitini na sokoni. Ujirani ulikuwa mkaguzi wa kazi yake. Niliwahi kuliweka wazo hili katika ubeti mmoja:

Chombo hakina ulimi, mwenye ulimi ni fundi,
Rangi yake ya kinyemi, njia mbovu haiendi,
Mwenye mengi ya usemi, na asemayo hatendi,
Huyo angauza kumi, mbele ya haki hashindi.

Siku hizi ujirani huo umekatika. Gari moja lina maelfu ya sehemu, na kila sehemu imepita mikononi mwa watu wasiojuana, katika viwanda vya nchi mbalimbali. Anayekaza msumari wa kiti hatamjua kamwe atakayekikalia. Hapo ndipo lilipo jaribio kubwa la maadili katika zama hizi: je, mtu aweza kuwa mwaminifu kwa mtu asiyemjua na ambaye hatamwona maisha?

Mfano wa kusikitisha umo katika historia ya karibuni ya Marekani. Kampuni ya General Motors ilikuwa na gari dogo liitwalo Chevrolet Cobalt, lililoanza kuuzwa mwaka 2004. Swichi yake ya kuwashia, pale mahali pa kutia ufunguo, ilikuwa na springi dhaifu kuliko kipimo kilichowekwa na kampuni yenyewe. Mtikisiko wa barabara, au uzito wa funguo nyingi katika pete moja, uliweza kuuzungusha ufunguo gari likiwa katika mwendo. Injini ilizimika, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa iliyowekwa kuwakinga watu wakati wa ajali haikufunguka. Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo, na gharama ya kukirekebisha ilikuwa chini ya dola moja kwa gari. Mwaka 2006 kilibadilishwa kimyakimya kikawekwa chenye nguvu zaidi, lakini nambari ya kifaa ikaachwa ile ile, hata waliokuja kuchunguza ajali baadaye wakapotea njia. Ilifika mwaka 2014 ndipo kampuni ilipoyaita magari hayo yarudi kutengenezwa, na jumla yake ikawa takriban milioni 2.6. Mfuko wa fidia ulioundwa na kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900 ili kumaliza shauri lake na serikali.

Taarifa ya uchunguzi wa jambo hilo, iliyotolewa mwaka 2014, ilieleza desturi moja ya mikutano ya kampuni. Watu walikaa, wakaelezwa tatizo, wakatikisa vichwa vyote kukubali kuwa hapana budi hatua ichukuliwe. Kisha wakatoka, na hakuna aliyechukua hatua, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayeichukua. Sisi tuliokaa maofisini miaka mingi hatuna haja ya kufasiriwa desturi hiyo. Katika mikutano yetu hakukosekani chai, kumbukumbu zilizoandikwa vizuri, na vichwa vinavyotikiswa. Kazi ya wengi ina hatari hii, kwamba dhambi yake hugawanywa vipande vidogo mno, hata kila mtu akikitazama kipande chake haoni kuwa ni dhambi. Lakini aliyekufa hakufa vipande. Alikufa mtu mzima.

Mfano wa upande wa pili upo. Mjapani mmoja, Sakichi Toyoda, alikamilisha mwaka 1924 mtambo wa kufumia nguo ambao ulisimama wenyewe uzi mmoja ulipokatika, usiendelee kufuma nguo yenye kasoro. Mwanawe, Kiichiro, aliunda kampuni ya magari ya Toyota mwaka 1937, na wazo la babake likahamia huko. Katika viwanda vya kampuni hiyo ilitundikwa kamba mbele ya wafanyakazi, na mfanyakazi wa chini kabisa, akiona kasoro, alikuwa na ruhusa ya kuivuta. Kiongozi wake huja mara moja, na kasoro isipoweza kuondolewa upesi safu nzima ya kazi husimama. Sisemi kwamba watu hao ni malaika. Kati ya mwaka 2009 na 2010 kampuni hiyo hiyo ililazimika kuyaita mamilioni ya magari yake kwa kasoro za kanyagio la mafuta na mazulia. Nasema tu kwamba kamba ile ina hekima. Inampa mtu mdogo uwezo wa kusema "hapana" kabla kasoro haijafichwa chini ya rangi, tena inafanya kusema huko kuwa sehemu ya kazi yake, isiwe ujeuri.

Mpaka hapa tumewazungumza fundi na muuzaji. Sasa tumgeukie mnunuzi, maana yeye naye si mtazamaji tu. Wajibu wake wa kwanza ni kusema. Katika utamaduni wetu twasifu uvumilivu, na twafanya vema. Lakini uvumilivu wa mtu aliyedhulumiwa huwa chakula cha mdhulumu. Yaliyopita si ndwele ni neno jema kwa ndugu waliogombana. Muuzaji akilitumia ili asirudishe haki ya mtu, amelitoa mahali pake. Mwenye kulalamika kwa adabu, kwa risiti na kwa ushahidi, anawatetea wanunuzi watakaokuja nyuma yake.

Wajibu wake wa pili ni mzito zaidi, na ndio kiini cha insha hii. Mtu akishalichoka gari bovu, rafiki zake humshauri hivi: "Lipeleke gereji, lipige rangi, weka oili nzito injini isipige kelele, kisha umpe mtu mwingine." Wamwambia maneno hayo kwa huruma. Naye, kwa kuwa ameumia, huona kuwa ana haki ya kuipata fedha yake mahali popote. Hapo aliyedhulumiwa husimama mlangoni pa kuwa mdhulumu. Waswahili husema juu ya jambo kama hili kuwa ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini tujiulize: mbuzi yule mgonjwa aliingiaje guniani? Aliingizwa na mtu ambaye naye jana alimnunua ndani ya gunia.

Mwanauchumi wa Marekani George Akerlof aliliandika jambo hili mwaka 1970 katika makala yake juu ya magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Wamarekani huliita gari bovu limau. Akerlof alionyesha kuwa, wanunuzi wasipoweza kupambanua gari zuri na limau, wote hutoa bei ya wasiwasi, bei ya chini. Kwa bei hiyo mwenye gari zuri haoni faida ya kuliuza, hujitoa sokoni. Mwenye limau hubaki. Hatimaye soko hujaa malimau matupu, na muuzaji mwaminifu, hata akiapa, haaminiwi. Hivyo kila anayefunga mbuzi wake guniani anachukua kitu kisichokuwa chake: anachukua uaminifu ambao wauzaji wema waliujenga kwa miaka mingi, anautumia siku moja, na haurudishi.

Basi jibu la swali letu la mwanzo ni hili. Aliyeuziwa gari bovu kwa neno la uongo amedhulumiwa kweli, na ana haki ya kudai. Lakini haki hiyo haiuziki kwa mtu wa tatu. Akilipa uongo kwa uongo, hakuirudisha haki yake. Ameongeza deni katika nchi. Mwenye kuliuza gari lile kwa kuzitaja kasoro zake atapata fedha kidogo, na pungufu lile ndilo gharama ya kuukata mnyororo. Ni gharama kweli; sitaki kuwadanganya vijana kuwa wema hauna bei. Ila mnyororo usiokatwa na yeyote humrudia kila mtu mlangoni pake.

Na sasa neno kwa walimu na wanafunzi, ambao pengine wajiuliza gari lawahusu nini hali wao huenda shuleni kwa miguu. Utamaduni wa taifa ni ngoma zetu, lugha yetu na mashairi yetu. Ni vile vile yale tunayokataa kuyaachia yatoke mikononi mwetu yakiwa hayajakamilika. Mwalimu anayempandisha mtoto darasa hali hajui kusoma ameuza mbuzi kwenye gunia, na mnunuzi wake ni mwalimu wa darasa linalofuata. Mwanafunzi aliyenakili majibu ya mwenzake ameirudisha nyuma mita ya mwendo wake. Karani anayetia sahihi kuwa gari limekaguliwa, naye hakuinama kulitazama chini, ameifunga breki mbovu kwa kalamu. Wote hao wakiulizwa watasema kama kijana yule: hayo ni mambo ya kawaida.

Ziko shule zenye kengele ivutwayo kwa kamba. Mwalimu na awafundishe watoto, tangu kidato cha kwanza, kwamba ipo kamba ya pili isiyoonekana, iliyo karibu na mkono wa kila mfanyakazi, na kwamba aionaye kasoro akainyamazia amekwisha kuitia sahihi. Kisha yeye mwenyewe awe wa kwanza kuivuta, hapo daftari lililosahihishwa nusu litakapokuwa mezani mwake na saa ya kwenda nyumbani imefika.